King'ora cha moshi kinasumbua: mpangaji aanzie wapi

King'ora cha moshi kikianza kusumbua, wengi wetu hupanda juu ya kiti, huchomoa betri, huitupa kwenye droo na kurudi kulala. Betri hukaa humo mpaka siku ya kuhama, na muda wote huo nyumba nzima inalala bila mlinzi. Naomba tuache. King'ora hakilii bure. Kila aina ya mlio ina maana yake, sababu zenyewe si nyingi, na kadhaa kati yake mpangaji anazimaliza mwenyewe kwa betri ya pauni chache. Zile asizoziweza ni kazi ya mwenye nyumba, na sheria inamlazimisha aifanye.

Naandika kwa wenzangu tuliopanga England. Wales na Scotland zina sheria zao, tena kali zaidi: kule ving'ora vinatakiwa viwe vimeunganishwa, kimoja kikilia vyote vilie. Ila dalili za kifaa chenyewe na tiba zake ni zilezile popote ulipo.

Kijue kwanza kilichoko darini

Kabla ya kugusa chochote, simama chini yake ukitazame. Kikiwa na taa ndogo ya kijani inayowaka muda wote, kimeungwa kwenye umeme wa nyumba, na ndani kina betri ya akiba. Kikiwa na taa nyekundu tu inayomweka mara moja moja, huenda hicho kinaishi kwa betri peke yake. Betri yenyewe huwa ama ile ya mraba ya volti 9, ama zile ndogo za AA, ama ya lithiamu iliyofungiwa humo tangu kiwandani. Hiyo ya lithiamu imetengenezwa idumu miaka 10 na haibadilishwi. Ikifa, kifaa kizima kinatupwa na kuwekwa kipya.

Vinatofautiana pia namna vinavyounusa moto. Vingi vya siku hizi hutumia mwanga: ndani kuna kijichumba cheusi chenye mwale wa taa, moshi ukiingia unautawanya mwanga, mwanga unaangukia kihisio, na kelele inaanza. Hivyo ni vizuri kwa moto unaofuka polepole, kama wa godoro au sofa. Vya zamani vina chembe ndogo sana ya madini ya mionzi, amerisiamu-241. Haikudhuru maadamu hukivunji kifaa, lakini king'ora cha namna hiyo ni chepesi mno kulia ukikaanga kitu. Ukikuta mgongoni alama ya mionzi na maandishi "Am-241", ndicho hicho. Cha jikoni kinapaswa kuwa cha joto, ambacho hakijali moshi. Kinangoja joto lifike karibu nyuzi 58 ndipo kilie.

Tafuta na tarehe. Ubavuni au mgongoni pameandikwa mwaka kilipotengenezwa, au mwaka wa kukibadilisha. King'ora cha moshi kina maisha ya miaka 10. Kikishapita hapo usikihangaikie kwa betri wala kwa kukisafisha. Piga picha ya ile tarehe umpelekee mwenye nyumba.

Ukipanda, panda ngazi yenye miguu imara, na mtu aishike. Kile cha umeme usikifungue nyaya zake. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, na anayemlipa ni mwenye nyumba.

Kinatoa "tiit" moja, kinanyamaza karibu dakika nzima, kisha "tiit" tena

Hii ndiyo dalili inayosumbua watu wengi kuliko zote, na karibu kila mara maana yake ni kwamba betri inakwisha. Watu hushangaa kwa nini huanza saa tisa usiku. Ni baridi. Hita zimezimwa, nyumba imepoa, na betri iliyokaribia kufa ikipata baridi nguvu zake hushuka chini ya kiwango ambacho kifaa kinakihesabu kuwa salama. Asubuhi hita zikiwaka betri inapata joto, mlio unakoma, na mtu anaondoka kwenda kazini akidhani kimepona. Hakijapona. Pitia dukani siku hiyohiyo.

Nunua betri ya alkalini, au ile iliyotajwa kwenye maandishi ya king'ora chenyewe. Zile za bei ya chini kabisa, za zinki, hazikai. Za kuchaji watengenezaji wanazikataza, maana hupoteza chaji hata zikikaa bure. Ukishaiweka, bonyeza kitufe cha majaribio mpaka kilie kwa sauti kamili, kisha andika tarehe kwa kalamu kwenye betri yenyewe. Atakayepanda ngazi baada yako atakushukuru.

Na kama betri ni mpya na "tiit" ipo palepale? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo pa kuwa na subira kidogo. Kishushe uangalie kama ncha za betri zimegusa vyuma vyake barabara. Ile ya volti 9 hupenda kubana upande mmoja na kulegea upande wa pili. Angalia kama umesahau karatasi laini ya plastiki inayokuja na betri. Funga kifuniko mpaka kibane kabisa, maana vingi vimetengenezwa vigome kukaa darini au viendelee kulalamika kama mlango wa betri haujafunga. Bado? Toa betri, bonyeza kitufe cha majaribio ukishikilie kwa sekunde 15 hadi 20, kisha rudisha betri. Umeme kidogo uliobaki ndani huisha na kifaa huanza upya kikiisoma betri mpya kama mpya. Kama na baada ya hapo kinaendelea, soma tena ile tarehe ya mgongoni. King'ora kilichofika mwisho wa maisha yake nacho hutoa "tiit" kama hiyohiyo, na hakuna betri itakayokinyamazisha.

Hakikisha pia kwamba unamtibu mgonjwa mwenyewe. Sauti nyembamba namna ile inapiga kuta na kurudi, na sikio linadanganyika kirahisi. Simama chini ya kila king'ora, mmoja baada ya mwingine, ukae dakika mbili ukisikiliza kila mahali. Mara nyingi mlio unatoka kwenye king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu, kilichofichwa kabatini karibu na boila, au kwenye king'ora kikuukuu kilichoachwa na mpangaji aliyetangulia juu ya kabati la nguo, betri ikiwa bado ndani.

Kile kilichoungwa kwenye umeme kikitoa "tiit", tazama taa ya kijani kwanza. Inawaka? Basi tatizo liko kwenye betri ya akiba. Baadhi zinabadilishwa na mpangaji, nyingine zimefungiwa. Haiwaki? Umeme haukifikii, na kifaa kinaishi kwa akiba yake. Kwenye nyumba zenye mita ya kulipia kabla, iliyo kama Luku ya Tanzania, jambo hili hutokea sana: salio limeisha usiku na king'ora kinaeleza hivyo kwa namna yake. Salio likiwapo, nenda kwenye boksi la swichi kuu uangalie kama kuna swichi iliyoanguka. Irudishe mara moja tu. Ikianguka tena, usishindane nayo. Mpigie mwenye nyumba, kwa sababu hapo huenda kuna waya wenye hitilafu, na waya wenye hitilafu ndio mwanzo wa moto wenyewe.

Kinalia mfululizo, na huoni moto

Kila mlio wa mfululizo uuchukulie kuwa ni moto mpaka ujiridhishe kwamba sio. Ukiona moshi, ukinusa kitu kinaungua usichokijua, au ukikuta mlango wa chumba una joto, usiufungue. Waamshe wote, tokeni, fungeni milango nyuma yenu, pigeni 999 mkiwa nje. Msirudi ndani kwa pasipoti wala simu.

Kama ni samaki anakaangwa na unamwona kwa macho yako, bonyeza kitufe cha kunyamazisha. Kwenye vifaa vingi ndicho hichohicho cha majaribio. Kitakaa kimya kwa karibu dakika 10 kisha kitarudi kazini chenyewe, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na kuchomoa betri. Fungua dirisha la jikoni, washa feni ya juu ya jiko, na ufunge mlango wa jikoni. Watu wengi hufanya kinyume: huufungua ili moshi utoke, nao moshi unaingia kwenye korido, ambako ndiko king'ora kiliko.

Mvuke wa bafuni nao unakidanganya king'ora kinachotumia mwanga, hasa kikiwa darini mbele ya mlango wa bafu. Funga mlango unapooga, na uufungue mvuke ukishatulia.

Halafu kuna udi na ubani. Nyumba zetu nyingi hufukizwa Alhamisi jioni, siku ya shughuli, au wageni wakitarajiwa. Moshi wa chetezo ni moshi kweli. King'ora hakijui kwamba unanukia. Nimeona nyumba ambamo siku ya maulidi king'ora kilivalishwa soksi, na wengine hukifunika kwa mfuko wa plastiki. Shughuli inaisha, wageni wanaondoka, soksi inabaki. Afadhali chetezo kikae chumba cha mbali na king'ora, dirisha wazi, mlango umefungwa. Kisha yale makaa yatolewe nje ndani ya chombo cha chuma, wala yasimwagwe kwenye pipa la taka mpaka yapoe kabisa.

Kama hufanyi lolote kati ya haya na bado kinalia usiku wa manane, shuku vumbi au mdudu. Kabuibui mdogo akiingia kwenye kile kijichumba cheusi anautawanya mwanga sawasawa na moshi. Chukua mashine ya kufyonza vumbi yenye brashi laini, pitisha kwenye matundu yote pembezoni, kisha pangusa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Fanya hivyo kila baada ya miezi sita hivi. Usipulizie dawa ya mbu, manukato wala dawa ya kung'arishia, kwani hizo ndizo zinazokiharibu. Baada ya ukarabati, vumbi la plasta huingia kwa wingi na mara nyingine kifaa hakisafishiki tena. Kikiwa kimepakwa rangi pamoja na dari usijaribu kuibandua, kinatakiwa kibadilishwe.

Kikilia kila siku ya Mungu kwa sababu ya kupika, tatizo si upishi wako. Ama kimewekwa karibu mno na jiko, ama si cha aina inayofaa pale. Mwambie mwenye nyumba akisogeze, akitoe kile cha mionzi aweke cha mwanga, na jikoni aweke cha joto. Mahali pazuri ni dari ya korido au juu ya ngazi, walau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa.

Vyote vinalia pamoja

Vimeunganishwa, kwa waya au kwa mawimbi ya redio, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye aina nyingi, kile kilichoanza ndicho taa yake nyekundu inamweka harakaharaka. Bonyeza kitufe cha kunyamazisha kwenye chochote kile. Vingine vitanyamaza na kilichoanzisha kitaendelea. Chumba hicho ndicho cha kukagua.

Ukifanya majaribio na kimoja tu kikalia wakati zamani vyote vililia, muunganiko umekatika. Hilo liripoti.

Unabonyeza kitufe, kimya

Huyu ndiye mgonjwa mahututi, na watu humwacha miezi kwa sababu hapigi kelele. Shikilia kitufe kwa sekunde kumi, kwani vingine vinachelewa kuitika. Angalia kama betri imo kweli. Mpangaji aliyepita huenda ndiye aliyeichomoa. Tazama kama kifuniko cha vumbi cha mafundi, kile cha plastiki ya rangi, hakijaachwa. Weka betri mpya. Kama bado ni kimya, hicho si king'ora tena. Ripoti leo, na kwa siku hizi mbili tatu za kungoja nunua kingine cha betri dukani uning'inize kwenye korido. Najua si wajibu wako. Lakini usilaze watoto bila kitu.

Jaribu kila king'ora angalau mara moja kwa mwezi. Na unapojaribu, fanya jambo ambalo wachache hulifanya: mwombe mtu abonyeze huku wewe umelala kitandani mwako, mlango umefungwa, ukisikiliza kama sauti inakufikia. Bibi au babu mwenye masikio mazito huenda asisikie kabisa. Kuna ving'ora vya taa kali inayomweka pamoja na kifaa cha kuweka chini ya mto kinachotetemeka. Vikosi vya zimamoto England hufika nyumbani bure kwa watu walio kwenye hatari zaidi, hukagua, na wanaweza kuwafungia vifaa. Waulizeni. Watoto nao ni suala jingine: utafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee ulionyesha kwamba watoto wengi hulala fofofo king'ora kikilia. Kwa hiyo amueni mapema ni mtu mzima gani anayemchukua mtoto gani.

Milio minne ya haraka, kimya, minne tena

Kwa aina nyingi huo ni mlio wa king'ora cha kaboni monoksidi, si cha moshi; soma maandishi ya kifaa chako ili uwe na hakika. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na inatoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha: boila mbovu, jiko la kuni, dohani iliyoziba. Zimeni kifaa kinachounguza kitu, fungueni madirisha, tokeni nje wote. Simu ya dharura ya gesi ni 0800 111 999, saa 24, bila malipo. Mwenye kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu au aliyeanguka, mpigieni 999. Boila isiwashwe tena mpaka ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, sajili rasmi ya mafundi wa gesi.

Na hili naliomba kwa moyo wote: jiko la mkaa lisiingizwe ndani, hata kwa dakika chache, hata dirisha likiwa wazi, hata bei ya gesi ikiwa imepanda namna gani. Tulilelewa na majiko hayo, lakini nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili kuzuia baridi, na hewa ile haina pa kwenda. Mkaa unaoonekana umekwisha bado unatoa gesi hiyo.

Kazi ya nani

Tangu mwaka 2015 sheria ya England inamtaka mwenye nyumba binafsi aweke king'ora cha moshi walau kimoja kwenye kila ghorofa yenye chumba kinachotumika kwa makazi. Tarehe 1 Oktoba 2022 ilipanuliwa: sasa inawahusu hata wenye nyumba wa halmashauri na wa mashirika ya makazi, na king'ora cha kaboni monoksidi ni lazima kwenye chumba chochote cha makazi chenye kifaa kisichohamishika kinachounguza chochote, boila ya gesi ikiwamo. Jiko la gesi la kupikia ndilo peke yake halihesabiwi. Siku ya kwanza ya mkataba mwenye nyumba au wakala lazima ahakikishe kila kimoja kinafanya kazi. Siku hiyo usipokee ufunguo na kuaga tu. Mwombe abonyeze kila kitufe mbele yako.

Baada ya siku ya kwanza, kuvijaribu na kubadilisha betri za kawaida ni juu yako. Betri mpya isiposaidia, au kama huwezi kuibadilisha mwenyewe, ukiripoti tu wajibu unahamia kwake: ni lazima atengeneze au abadilishe. Kwenye nyumba ya kupangisha vyumba kwa watu mbalimbali, kuvitunza vile vya korido na ngazi ni kazi ya anayeisimamia nyumba, si ya wapangaji.

Ripoti kwa maandishi, hata kama mmezungumza kwa simu. Taja anwani, chumba, aina ya mlio na ulianza lini, taa ipi inawaka, umejaribu nini, na tarehe ya mgongoni, pamoja na picha. Ujumbe wa namna hiyo haumwachii mtu nafasi ya kujibu "jaribu kubadilisha betri".

Asipofanya kitu, peleka ujumbe uleule kwa halmashauri yako, idara ya makazi binafsi. Wakiona kuna msingi, watamwandikia amri ya kurekebisha, naye ana siku 28. Akikaidi, wanaweza kuleta fundi wao na kumtoza faini ya hadi pauni 5,000. Fundi huyo haingii bila ridhaa yako, kwa hiyo simu ya halmashauri ikija ipokee na wapangie siku ya karibu.